Kura ya meya Calgary: pasipoti peke yake haitoshi

Oktoba 2025 hapa Calgary, jiji la jimbo la Alberta, Kanada, Jeromy Farkas alimshinda Sonya Sharp katika kura ya meya kwa tofauti ya kura zisizofika 1,000. Ikabidi zihesabiwe upya ndipo athibitishwe, na Jyoti Gondek aliyekuwa meya akaambulia nafasi ya tatu. Waalikwa wa harusi moja tu ya kwetu wangeweza kuugeuza uchaguzi ule. Lakini watu wetu tuliohamia huku hurudishwa mlangoni pa kituo cha kura, na sababu ni anwani.

Anwani, jamani. Pasipoti ya Kanada haithibitishi unapoishi. Afisa wa kituo anataka kitambulisho chenye jina na makazi ya sasa. Leseni ya udereva ya Alberta inamaliza kazi, mradi ulibadilisha anwani ulipohama. Huna leseni? Nenda na bili ya umeme au taarifa ya benki, yenye jina lako mwenyewe. Bili ikija kwa jina la mume, au la mwenye nyumba uliyepanga chumba chake cha chini, haikusaidii kitu. Mwezi mmoja kabla, pita benki wakurekebishie anwani, na namba ya fleti isikosekane. Sisi tuliokulia S.L.P. tunasahau kwamba sanduku la barua si makazi. Narudia: si makazi.

Hakuna kadi ya mpiga kura kama nyumbani. Utajaza Fomu 13 kituoni na kutia sahihi kwamba una miaka 18, unaishi mjini na ni raia wa Kanada. Foleni za 2025 zilirefushwa na fomu hiyo.

Hapo kwenye uraia, shangazi zetu hupotosha kwa nia njema: "Si unalipa kodi? Kapige tu!" Mwenye ukaazi wa kudumu haruhusiwi. Ukitia sahihi tamko la uongo umetenda kosa la kisheria, wakati maombi yako ya uraia bado yako mezani. Usithubutu.

Vituo hufungwa saa 2 usiku. Ukiwa kwenye foleni saa hiyo, utapiga. Zamu ya kazi isipokuachia muda wa saa tatu mfululizo vituo vikiwa wazi, mwajiri anatakiwa akupe bila kukata mshahara. Wakanada wengi hawajitokezi, kisha wanalalamikia kodi ya majengo miaka minne.

Meya, diwani na bodi ya shule wana karatasi tofauti. Weka X, usiandike jina lako wala dua: karatasi inayomtambulisha mpiga kura hukataliwa, na 2025 zote zilipita mikononi mwa wahesabuji, si mashine.