Kabla hujaniomba metformini ya kulinda utumbo

Wiki haipiti bila mtu kusimama kaunta, kugeuka nyuma kuona kama kuna anayesikiliza, kisha kuninong'oneza: "Mangi, ile dawa ya kisukari inayozuia kansa ya utumbo unayo?" Ninayo. Imejaa kwenye kabati la kioo, vidonge vya miligramu 500 na 850. Bila cheti cha daktari sikuuzii, lakini njia nitakuonyesha, maana mimi mwenyewe naimeza, na kisukari sina.

Duka langu lipo hapa Moshi, si mbali na stendi. Nina miaka 47, na mizani yangu ya dukani iliwahi kunisoma kilo 108. Kaka yangu, tumbo moja, aligundulika na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 49. Kabla ya hapo alitibiwa bawasiri miezi minane. Alipoingizwa kamera ya kuchungulia utumbo, ugonjwa ulishahamia kwenye ini. Ndiyo maana nikikutaka ufuate utaratibu usinione mkaidi.

Anza na kiuno. Azima futi ya fundi cherehani, zungusha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje, soma. Mwanaume ukizidi sentimita 102, mwanamke 88, hilo si tumbo la heshima tena. Mafuta yaliyojificha ndani huko yanaufanya mwili uwe mzito kuisikia insulini, homoni inayoshusha sukari, kongosho nalo linazidi kuimwaga. Insulini nyingi kwa seli za utumbo ni kama samadi kwenye mgomba: zinachipuza hata zisizotakiwa. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliorodhesha saratani 13 zinazohusiana na mafuta ya ziada mwilini, na ya utumbo mpana imo. Metformini inalizuia ini kutengeneza sukari kupita kiasi, hivyo insulini inashuka. Inaamsha pia kimeng'enya kinachozifanya seli zipunguze kasi ya kujigawa.

Basi ukisikia hivyo unataka umeze leo. Ngoja kidogo. Mwaka 2005 watafiti wa Dundee, Uskoti, waliandika kwamba wagonjwa wa kisukari waliotumia metformini walionekana kupata saratani kwa uchache kuliko wenzao. Hiyo ilikuwa kutazama kumbukumbu za wagonjwa, haikuwa kuijaribu dawa. Jaribio lenyewe lilitoka Japani mwaka 2016: watu 151 wasio na kisukari, waliokwisha kutolewa vinyama kwenye utumbo. Wengine walipewa miligramu 250 kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya mwaka kamera ikarudi. Waliomeza metformini walikutwa na vinyama vya aina ya adenoma, vile vinavyoweza kugeuka saratani, kwa asilimia 31 hivi, wenzao asilimia 52. Habari njema, ila angalia vizuri. Walihesabu vinyama, si saratani. Ulikuwa mwaka mmoja tu. Na watu wale walichaguliwa kwa sababu ya vinyama, si kwa unene wao. Hiyo dawa imesajiliwa kwa ajili ya kisukari, kwa hiyo daktari anayekuandikia kwa ajili ya utumbo anatumia uamuzi wake juu yako wewe, si juu ya jirani yako.

Ndiyo maana kamera inatangulia kidonge. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo kinachokaa miaka bila kuuma. Kamera inakiona na kukikata palepale, na hakuna kidonge dukani kwangu chenye uwezo huo. Miongozo ya Marekani inasema anza ukiwa na miaka 45. Kama mzazi au ndugu wa damu aliugua, anza ukiwa na 40 au miaka kumi kabla ya umri aliogundulika nao, kinachotangulia. Kwangu hesabu iliangukia 39. Nilienda nikiwa na 44, kwa woga tu.

Siku moja kabla ya kamera hakuna ndizi, maharage wala nyama. Ni chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji, na juisi isiyo nyekundu, maana rangi hiyo inaweza kumchanganya daktari akadhani ni damu. Jioni unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, ina ladha ya maji ya bahari yaliyotiwa limau. Choo kikiwa nje, mwambie mwenye nyumba mapema. Nilikutwa na vinyama viwili, vikakatwa, maabara ikasema adenoma.

Ndipo nikazungumza na daktari. Usiende na kauli ya "niandikie metformini". Mimi nilisema: "Dokta, kaka yangu aliugua, nimetolewa vinyama, na tumbo unaliona. Nipime tuone kama hii dawa inanifaa." Akapima kreatinini kwanza, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja vipi, kwa sababu metformini inatolewa na figo: uchujaji ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika haitumiki kabisa, na kati ya 30 na 45 haishauriwi kuanzishwa. Akapima wastani wa sukari wa miezi mitatu, ukasoma asilimia 6.1, yaani natambaa kuelekea kisukari. Hapo akapata sababu mbili badala ya moja. Akauliza pombe. Nikataja mbege ya kwenye harusi, akanitazama mpaka nikataja na zile za Jumamosi. Mwambie ukweli: pombe nyingi pamoja na dawa hii inaweza kujaza asidi kwenye damu, na hiyo huua.

Kumeza nako kuna ufundi. Mimi nilianzishiwa kidonge kimoja cha 500, katikati ya chakula cha jioni, si kabla. Mtori unakipokea vizuri. Wiki ya kwanza nilijifanya mjanja, nikameza asubuhi tumbo tupu nikapanda basi la Arusha. Niliteremka Boma Ng'ombe, na sababu sitaieleza. Tumbo huwa linazoea baada ya wiki moja au mbili. Likikataa, ipo aina inayoachia dawa polepole, ila hiyo usiisage wala kuitafuna. Ukishikwa na kutapika au kuharisha sana, ukiandaliwa upasuaji, ukienda kupigwa picha ya CT yenye kuchomwa dawa ya rangi, au siku ya kusafisha tumbo, muulize daktari kama uisimamishe. Ukikaa nayo miaka, pima vitamini B12, hasa miguu ikianza kufa ganzi.

Nimeshuka hadi kilo 96. Sehemu kubwa ni kutembea kutoka nyumbani hadi dukani na kuacha soseji, kidonge kimechangia kidogo tu.

Ukiona damu kwenye choo, choo kimebadilika wiki kadhaa, au unakonda bila kutaka, usije kwangu kabisa, pita moja kwa moja hospitali. Kamera yangu ya pili ni mwezi wa tisa. Ile dawa ya ladha ya bahari tayari nimeiweka pembeni, chini ya kaunta.