Kabla ya kurusha droni: anga ina mwenyewe, na kiwanja nacho kina mwenyewe

Wengi wanaonunua droni ya kujifurahisha hufanya jambo la busara tangu mwanzo: wanatafuta kujua sheria za nchi zinasemaje. Wanajisajili kwa mamlaka ya usafiri wa anga, wanabandika namba, wanakariri kwamba mwisho ni mita 120 kwenda juu, kisha wanakwenda kwenye bustani ya umma iliyo karibu na kuirusha. Muda si mrefu askari wa halmashauri anafika na kuwaamuru waishushe. Wao wanatoa cheti cha usajili, yeye anaonyesha kibao cha masharti kilichopo getini. Kila mmoja ana sheria yake mkononi, na kwa bahati mbaya kwa mrushaji, zote mbili zinamhusu.

Hilo ndilo la kuelewa kabla ya jingine lolote. Anga, karibu kila nchi, ni jambo la taifa zima: mamlaka moja ndiyo inayopanga urefu wa kuruka, umbali kutoka viwanja vya ndege na nani aruhusiwe. Ardhi ni habari nyingine. Bustani, fukwe, viwanja vya michezo na maegesho ya umma viko chini ya halmashauri au jiji, na msimamizi wa eneo ana uwezo wa kukataza jambo lisifanyike ndani ya mipaka yake. Ndiyo maana sheria ndogo nyingi haziongelei kupita juu ya bustani. Zinakataza kurushia droni ndani yake au kuitua humo. Kibali cha taifa hakifuti katazo hilo, na ruhusa ya msimamizi wa bustani nayo haikufungulii anga iliyofungwa na taifa. Unahitaji kukubaliwa na pande zote mbili.

Mpaka kati ya mamlaka hizi umewahi kugombaniwa mahakamani. Mji wa Newton, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ulitunga sheria yake ukitaka kila droni isajiliwe na mji, na ukakataza kuruka chini ya futi 400 juu ya mali ya mtu bila idhini yake. Septemba 2017 jaji wa mahakama ya shirikisho alivibatilisha vifungu hivyo kwa sababu viliingilia mamlaka ya taifa juu ya anga. Vifungu ambavyo havikupingwa, vikiwemo vya kulinda faragha za watu, vilibaki. Nadhani uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kama kila mji ungejitungia urefu wake wa kuruka, hakuna ambaye angeweza kuvuka mtaa bila kuvunja sheria ya mtu. Lakini isichukuliwe kwamba halmashauri haina meno. Bado ina ardhi yake, utulivu wa watu wake na usalama wa mikusanyiko yao.

Kwa hiyo, siku kadhaa kabla ya kwenda, tafuta sheria ndogo za eneo hilo na uzisome mwenyewe. Usiishie kutafuta neno "droni". Sheria nyingi za bustani zilitungwa kabla vyombo hivi havijaenea, nazo hutaja "ndege za mfano" au "chombo chochote kinachoruka kwa injini", na halmashauri huzitumia hizo hizo kwa droni. Angalia pia kama kuna sehemu zilizotengwa, kwa sababu mara nyingi katazo la jumla huja na kona moja au mbili zilizoruhusiwa. Jiji la New York ni mfano wa ukali wa aina hii. Tangu Julai 2023 anayetaka kurusha au kutua ndani ya jiji anatakiwa kuomba kibali siku 30 kabla na kulipa ada ya dola 150, huku zikiwepo bustani chache zenye viwanja maalumu vya ndege za mfano. Anayejua viwanja hivyo vilipo anaenda kuruka, na asiyejua anaenda kutozwa faini.

Ukikwama, andikia ofisi inayosimamia eneo. Swali liwe fupi na lisilokwepeka: "Je, naruhusiwa kurushia na kutua droni ya burudani hapa, siku gani na saa ngapi, na ni kifungu gani kinachosema hivyo?" Omba jibu la maandishi na ulihifadhi kwenye simu. Mlinzi wa zamu hawajibiki kujua kila kifungu, na barua ya ofisi yake mwenyewe itamaliza mabishano mapema kuliko maelezo yako.

Upande wa taifa nitapita haraka, maana habari zake zinapatikana kirahisi. Uzito ndio unaoamua mengi: Marekani usajili unaanza gramu 250, na kila mrushaji wa burudani anafanya mtihani mfupi wa usalama wa mtandaoni usio na malipo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, hata droni iliyo chini ya gramu 250 inamlazimu mwenyewe kujisajili ikiwa ina kamera, isipokuwa iwe imetengenezwa kama kitu cha kuchezea watoto. Droni zinazopaswa kusajiliwa Marekani zinatakiwa pia kutangaza hewani utambulisho wao, mahali zilipo na mahali alipo mrushaji au zilikoanzia kuruka, kwa hiyo asidhani mtu kwamba hataonekana.

Sheria za kudumu unaweza kuzisoma mara moja ukatulia. Matangazo ya muda ya kufunga anga hayako hivyo. Yanatolewa leo na kuondolewa kesho kwa sababu ya moto, ziara ya kiongozi, mechi kubwa au msako wa polisi, na lazima yaangaliwe siku ileile. Tarehe 9 Januari 2025, moto wa Palisades ukiwa unateketeza nyumba jijini Los Angeles, mtu mmoja alirusha droni kutoka juu ya jengo la maegesho huko Santa Monica ili aone uharibifu. Anga ilikuwa imefungwa. Droni ilikwenda zaidi ya kilomita mbili, akawa haioni tena, ikagonga bawa la ndege ya kumwaga maji na kulitoboa. Ndege hiyo ikatolewa kazini wakati watu wakiihitaji kuliko siku zote. Mrushaji hakuwa amenuia kumdhuru mtu. Hakuangalia tangazo, kisha akaiacha droni iende asikoiona, na hayo mawili yalitosha.

Wala usingoje programu ya droni ikuzuie. Mwezi huohuo DJI, kampuni inayotengeneza droni, iliondoa Marekani ule mfumo uliokuwa ukikataa kabisa kuiwasha droni kwenye maeneo yaliyofungwa, ikauweka wa maonyo tu. Droni itakuonya, na ukibonyeza kuendelea itapaa. Jukumu limerudi mikononi mwa mrushaji.

Sasa nije kwa watu walio chini, ambao ndio hasa wanaozifanya halmashauri zitunge sheria. Mwaka 2015, kwenye gwaride mjini Seattle, droni yenye uzito wa karibu kilo moja iligonga jengo na kumwangukia mwanamke kichwani, akapoteza fahamu. Mrushaji alihukumiwa siku 30 jela. Fanya hesabu ndogo: kitu kikidondoka kutoka mita 30, ukiacha ukinzani wa hewa, kinafika chini baada ya sekunde mbili na nusu kikiwa na kasi ya karibu kilomita 87 kwa saa. Hakuna mtu anayeweza kukikwepa kwa muda huo, hata akipigiwa kelele. Kwa hiyo chagua eneo kwa kujiuliza swali moja: hii droni ikizimika sasa hivi, itamwangukia nani? Kama jibu ni watoto wanaocheza au watu waliopanga foleni, hapo si mahali pake, hata kama sheria ndogo imenyamaza. Nenda mapema asubuhi, kabla bustani haijajaa. Zunguka kwa miguu kwanza ukiangalia nyaya za umeme, maana kamera ya droni mara nyingi haizioni mpaka imechelewa.

Viumbe wengine pia wanahusika. Mei 2021, katika hifadhi ya Bolsa Chica huko California, ambako droni zimepigwa marufuku, droni ilianguka karibu na mazalia ya ndege wa pwani. Ndege wakaruka kwa hofu na hawakurudi, wakaacha mayai zaidi ya 1,000 mchangani. Ukiona ndege wanakuzunguka au kuifuata droni yako, shusha na uondoke. Huo si wakati wa kupiga picha.

Faragha nayo haitaki maneno mengi. Usipite usawa wa madirisha, usisimamishe droni juu ya ua wa mtu, na kama nyumba za watu zimo kwenye njia yako, wape taarifa kabla. Malalamiko mengi yanayofika halmashauri hayahusu ajali. Yanatoka kwa mtu aliyeona kamera inaning'inia juu ya uwanja wake asijue ni ya nani wala inatafuta nini.

Mashine yenyewe ikaguliwe kabla ya kutoka nyumbani. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa kila panga la droni. Ukikwama mahali, hata kama jicho halioni ufa, libadilishe. Betri iliyovimba usiichaji wala kuirusha. Kisha kuna mpangilio ambao wengi huuacha kama ulivyotoka dukani: urefu wa kurudi nyumbani mawasiliano yakikatika. Droni nyingi zikipoteza mawasiliano na rimoti hupanda hadi urefu uliowekwa, halafu hurudi kwa mstari ulionyooka. Ukiwa umeweka mita 20 na miti ina mita 25, droni itaenda moja kwa moja kwenye matawi. Weka urefu unaozidi kizuizi kirefu zaidi cha hapo, usivuke kikomo cha sheria, na usubiri mpaka droni ithibitishe kwamba imesajili mahali ilipoanzia. Ukiharakisha, itarudi kusikojulikana.

Nina neno pia kwa wanaotunga sheria hizi. Katazo la jumla lisilo na sehemu hata moja mbadala haliondoi droni mitaani. Linawasukuma warushaji kwenye mapaa na vichochoro, mahali pabaya zaidi kwa usalama. Uwanja uliotengwa, wenye kibao kinachoeleweka na saa zinazojulikana, unalinda watu wengi zaidi. Warushaji nao wajitokeze halmashauri inapokusanya maoni, kwa sababu wasipokuwepo, sheria itaandikwa na waliokwisha kukerwa.

Mwisho, jua nani atalipa. Ujerumani bima ya madhara kwa wengine ni lazima kwa kila droni. Kwingine ni hiari, na bima ya nyumba inaweza ikawa haigusi kabisa vyombo vinavyoruka, kwa hiyo soma mkataba au uulize. Tembea na namba ya simu ya ofisi ya eneo. Droni ikiangukia ua wa mtu, bisha hodi, usiruke ukuta. Ikimwumiza mtu, mhudumie kwanza na umwitie msaada, kisha andika saa na mahali, usifute video, na utoe taarifa kwa polisi na mamlaka ya anga.