Jinsi ya kuendesha nyumba ya Wamasai na wafugaji wengine waliokuwa wanalala nje, hapa Arusha

Kwanza tuelewane tunamuongelea nani, maana ukisema watu wasio na makazi Arusha kila mtu anafikiria watoto wa mtaani. Mi naongelea watu wazima wa jamii za wafugaji na wawindaji, Wamasai ndo wengi, Wabarbaig wachache, mara moja moja Mhadzabe, waliokuja mjini baada ya ng'ombe kuisha kwenye ukame, au wametoka Mirerani kwenye uapolo, yaani uchimbaji wa tanzanite, mikono mitupu, au ni mama amefiwa na mume mashemeji wakabeba mifugo yote. Wanaume wanaingia ulinzi, wanawake wanauza shanga na dawa za miti, na unaweza kukuta mtu analinda ghorofa la tajiri huku yeye analala barazani kwenye maboksi, siku akifukuzwa lindo amepoteza kazi na kitanda kwa pamoja. Mtoto chini ya miaka 18 aliye peke yake usimpokee, hata kama roho inakuuma, makao ya watoto yana leseni yake chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Aliyekuja na mama yake hiyo ni kesi nyingine, huyo anakaa na mama yake.

Sasa kanuni ya kwanza: ufunguo unatangulia. Usimwambie mtu aache pombe kwanza, apate kazi kwanza, ahudhurie semina ndo umpe chumba. Huu utaratibu wa chumba kwanza ulianzia New York mwaka 1992 na Sam Tsemberis na wenzake, halafu Kanada wakaujaribu 2009 mpaka 2013 kwenye miji mitano na watu zaidi ya 2,000, na kule Winnipeg washiriki wengi walikuwa watu wa jamii za asili. Waliopewa nyumba bila masharti ya kutangulia walidumu ndani kuliko waliopitia njia ya kawaida. Na Kanada hiyohiyo, mwaka 2017, Jesse Thistle, yeye mwenyewe wa jamii za asili za huko, Métis na Cree, aliyewahi kulala nje, akaeleza kwamba mtu wa jamii ya asili kukosa makazi sio kukosa paa tu, ni kukatika na ardhi yake, ukoo wake, lugha yake, akataja aina 12. Hili lishike, maana ukiliacha utakuwa na gesti ya bei rahisi tu na miezi miwili mbele watu wamerudi barazani.

Nyumba yenyewe tafuta Sombetini, Muriet, Kwa Mrombo, huko kodi inavumilika na daladala zipo. Iwe ya chini, iwe na uwanja, vyumba visizidi kumi hivi. Uwanja ni wa lazima, sio urembo, wazee hawakai kwenye korido wanakaa nje chini ya mti wakiongea na ugoro wao. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba atataka ya miezi sita mbele, na yeye mwambie ukweli wote kabla hujasaini, watakaa akina nani, watakuwa wangapi, watavaa nini, kwa sababu akishtukizwa na mashuka mekundu getini asubuhi atakutafutia sababu tu. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa mapema pia. Umeme weka submita kila chumba, LUKU ya pamoja ni ugomvi wa kila wiki, huyu ana pasi yule anachaji simu za nusu ya mtaa. Na mwezi wa sita na wa saba Arusha baridi ni kali, gawa mablanketi mazito na piga marufuku kabisa jiko la mkaa ndani ya chumba usiku, hewa yake inaua mtu akiwa usingizini na hasikii hata harufu.

Tuje kwenye wageni, hapa ndo nyumba nyingi zinavunjika. Kila anayeanzisha nyumba anaandika ukutani WAGENI HAWARUHUSIWI KULALA, ni sheria ya hosteli. Sasa mwambie Mmasai amfukuze mtu wa rika lake aliyetoka Longido na mbuzi wa kuuza na giza limeingia. Hawezi. Atamuingiza kwa dirisha, au ataondoka naye wakalale wote nje, na kwa macho ya watu wake amefanya vizuri, wewe ndo mbaya. Lakini ukiachia kabisa nayo haiendi, chumba cha mtu mmoja kinalala saba, choo kinajaa, mwenye nyumba anapiga simu. Kinachofanya kazi ni kutenga chumba kimoja cha wageni, magodoro manne chini, daftari mlangoni, usiku tatu, mwenyeji ndo anajibu kwa kila kitu mgeni atakachofanya. Anayetaka kuzidisha aongee na wazee wa nyumba, sio na wewe. Ndiyo, kodi ya hicho chumba inauma na mfadhili atauliza kwa nini kiko tupu Jumatatu, mjibu hicho ndo kinalinda vile tisa vingine.

Nimesema wazee wa nyumba. Usiwe wewe hakimu wa kila kitu. Kama una mtu wa Makaa au Landis ndani, hayo ni marika ya wazee wa Kimasai, mpe nafasi yake, kijana wa Nyangulo, rika la chini yao, atamsikia yeye kabla yako, na mzee naye hawezi kuambiwa na kijana azime redio. Ukipanga vyumba waweke watu wa rika moja karibu. Mmasai na Mbarbaig usiwalundike chumba kimoja siku ya kwanza, kuna historia ndefu ya kuibiana ng'ombe pale, wape muda wakae uwanjani kwanza. Ugomvi mdogo, wizi wa sukari, matusi, wazee wapige faini, hata kilo ya sukari ya chai ya wote inatosha. Ila mwanamke akipigwa au akiingiliwa chumbani hiyo haiendi kwa wazee, inaenda polisi siku hiyohiyo, na hapa usibembelezwe hata na laigwanani, kiongozi wa kimila wa Wamasai.

Jikoni weka sehemu mbili za kupikia. Morani anayeshika mila hali peke yake na hali nyama iliyoonwa na wanawake, wapo walioacha zamani, wewe uliza tu usikisie. Maziwa ya mgando yawepo. Jumamosi pikeni loshoro, yale mahindi na maziwa ya mgando, utashangaa jinsi watu wanavyotoka vyumbani.

Pombe: anywe, asipige mtu. Sime na rungu vikae ofisini kwako, anachukua akienda lindo na anarudisha akitoka, hawakatai ukiwaheshimu. Kikohozi kisichoisha wiki mbili mpeleke kupima TB, dawa ni bure ila anatakiwa kumeza miezi sita, na kumeza miezi sita bila kitanda cha kudumu ni ndoto, ndo maana chumba ni tiba pia.

Makaratasi anza wiki ya kwanza kwa sababu yanachelewa. Wengi wamezaliwa boma, cheti cha kuzaliwa hamna, bila hicho NIDA ni mlima, bila NIDA hasajili laini kwa jina lake, bila laini mshahara unapitia simu ya bosi au ya rafiki na unajua kinachofuata. Barua ya kijiji alikotoka ndo msingi, kwa hiyo changa nauli, mtume mwenyewe akaifuate, akirudi nayo mnaenda kwa mtendaji wa mtaa halafu RITA, wanakotoa vyeti vya kuzaliwa. Safari hiyo ina faida nyingine, ameonekana nyumbani, mama yake amemuona yuko hai.

Na kuna siku mtu ataaga kwamba mvua imenyesha kwao anarudi. Usiandike kwenye ripoti kuwa ameshindwa, na usimng'ang'anie. Mshikie chumba mwezi mmoja, vitu vyake vifungie kwenye boksi lenye jina lake, chukua namba ya mtu wa kijijini. Mwezi ukiisha mpe chumba mwingine, na yule akirudi baadaye anaanzia chumba cha wageni, hakuna kumuuliza kwa nini.