Praimu ya Pembe Pana au Zumu: Kuchagua Lenzi kwa Nyumba na Vichochoro vya Lamu

Binti wa kaka yangu ameanza kazi ya kupiga picha hapa Lamu. Mchana hupigia wenye nyumba za wageni picha za vyumba, na usiku huitwa kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi, ambako wanaume hawaingii na bibi harusi hataki picha zake zipitie mikono ya mwanamume. Alinijia akasema, “Shangazi, nina fedha za lenzi moja tu. Nichukue praimu ya milimita 24, au zumu ya 16 hadi 35?” Tulikaa jioni mbili kulichambua swali hilo, na hapa nimeandika hatua tulizozifuata, kwa kuwa najua wako wengine wanaojiuliza jambo hilo hilo. Praimu ni lenzi isiyovuta, yenye urefu mmoja tu wa fokasi (kipimo cha milimita kinachoamua upana wa picha: kikiwa kidogo, picha ni pana), na zumu ni ile inayovuta karibu na mbali.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mwanafunzi aanze na praimu, kwa sababu itamfundisha kutumia miguu: akitaka kitu kiwe kikubwa asogee, akitaka kiwe kidogo arudi nyuma. Ushauri huo unafaa mahali penye nafasi. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, na ukirudi hatua mbili mgongo umeshagusa ukuta wa jirani. Kwa hiyo tunaanza na ukuta huo.

Hatua ya 1: Pima nafasi iliyo nyuma ya mgongo wako

Chukua futi ya fundi uende mahali unapopiga picha mara kwa mara. Pima umbali kutoka kitu unachokipiga hadi mahali kamera itakapokuwa mgongo wako ukiwa umeegemea ukuta wa nyuma. Zidisha umbali huo kwa 36, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Utapata upana ambao lenzi itauchukua, kwa kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24. Kamera ikiwa ni ya sensa ndogo ya APS-C, weka 23.5 badala ya 36, au 22.3 ikiwa ni Canon.

Tulipima mbele ya mlango mmoja wa nakshi huko mtaa wa Mkomani. Kamera ilikuwa mita 1.5 kutoka mlangoni, nayo imesimamishwa wima, kwa hiyo hesabu ile ile inatoa urefu wa kwenda juu. Kwa lenzi ya 35 tungepata urefu wa mita 1.54, yaani mlango uliokatwa kichwa na miguu. Kwa 24 tungepata mita 2.25, ambayo inachukua mbao za mlango lakini inaacha nje nakshi ya juu, na hiyo ndiyo sehemu mgeni anayoitaka. Kwa 16 tungepata karibu mita 3.4, mlango mzima pamoja na baraza zake. Usijaribu kuokoa lenzi iliyopungukiwa upana kwa kuielekeza kamera juu, kwa maana miimo ya mlango itaegemeana kama inayoanguka.

Ndani ya nyumba za mawe hali ni hiyo hiyo. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki kuta zilizoachana sana. Upana wa chumba kwa kawaida hauzidi mita tatu. Katika chumba cha mita 2.8, ukishatoa unene wa mwili wako na wa kamera, umebakiwa na mita 2.5. Ukuta wa zidaka, yaani wa safu za vishubaka, wenye urefu wa mita tano hauingii kwenye lenzi ya 24, inayochukua mita 3.75, lakini kwenye lenzi ya 16, inayochukua mita 5.6, unaingia na nafasi kidogo ya kunyoosha mistari baadaye kwenye kompyuta.

Hatua ya 2: Hesabu picha ulizokwisha kupiga

Kila picha hubeba ndani yake kumbukumbu ya urefu wa fokasi uliotumika. Fungua picha za miezi mitatu katika programu yoyote ya kupanga picha, uzigawe kwa urefu huo, na uangalie ni zile ulizomkabidhi mteja tu, si zote ulizopiga. Picha zikiwa zimekusanyika mahali pamoja, praimu itakutosha. Zikiwa zimetawanyika, au zimerundikana kwenye mwisho mpana wa lenzi uliyo nayo, basi lenzi yenyewe ndiyo imekuzuia kwenda mbali zaidi. Za mpwa wangu zilirundikana kwenye 18, mwisho wa lenzi aliyouziwa pamoja na kamera yake ya kwanza.

Hatua ya 3: Pima mwanga, hasa wa usiku

Hapa praimu inajitetea, na inajitetea kwa haki. Tundu la praimu nzuri ya 24, yaani mlango wa mwanga ndani ya lenzi, hufunguka hadi f/1.4 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ilhali zumu nyepesi ya 16 hadi 35 huishia f/4. Kati ya f/4 na f/1.4 kuna stopu tatu, kila moja ikizidisha mwanga mara mbili, maana yake mwanga mara nane. Kwenye kupamba, taa ni za rangi na ukumbi umejaa, na mahali ambapo zumu inakulazimisha ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 6400, praimu inakuruhusu kubaki na 800. Tofauti hiyo inaonekana kwenye hina ya mikononi: kwa 6400 mistari myembamba ya maua huanza kuyeyuka ndani ya ngozi, kwa 800 kila jani linasimama peke yake.

Usidanganyike na kituliza-mtikiso kilichomo ndani ya zumu. Kinatuliza mkono wako, na kwa ukuta wa zidaka kinatosha hata kwa shata ya polepole, lakini hakimtulizi mwanamke anayecheza.

Hata hivyo tundu kubwa lina gharama yake. Kwa lenzi ya 24 iliyofunguliwa f/1.4, ukimlenga mtu aliye mita 1.5 mbele yako, eneo linaloonekana kali lina kina cha karibu sentimita 33 tu. Bibi harusi atakuwa mkali, na somo wake, mwanamke anayemfunda, aliyekaa nyuma yake atakuwa kivuli. Wakiwa safu mbili, funga hadi f/2.8 na ukubali kupandisha ISO.

Hatua ya 4: Amua

Kama fedha zako zinatoka kwenye nyumba na milango, nunua zumu ya 16 hadi 35 yenye f/4. Kama zinatoka kwenye harusi na nyuso za watu, nunua praimu ya 24. Siwashauri wanaoanza kununua zumu ya f/2.8 kwa kudhani kwamba itafanya kazi zote mbili. Stopu moja haitoshi kuugeuza usiku wa kupamba, na utaulipia uzito mchana kutwa: katika lenzi za Canon nilizozoea, ile ya f/4 iliyotoka 2014 ina gramu 615, na ile ya f/2.8 ya mwaka 2016 ina gramu 790.

Picha ya praimu inaweza kukatwa kingo ili ionekane kama imevutwa karibu, nami hufanya hivyo. Picha ya 24 ikikatwa ifanane na ya 35 hubaki na asilimia 47 ya nukta zake. Kamera ya megapikseli 24 inakuachia kama 11, ambazo zinatosha kwa ukurasa wa gazeti. Lakini hakuna namna ya kuikata picha ikawa pana zaidi. Hilo ndilo lililomfanya mpwa wangu achague zumu kwanza, kwa makubaliano kwamba usiku wa harusi ataazima praimu yangu.

Hatua ya 5: Ijaribu lenzi kabla ya siku za kurudisha kuisha

Hatua hii naiandika kwa urefu, kwa sababu iliwahi kunila siku nzima na nauli mbili.

Lenzi nyingi za hapa kwetu hununuliwa zikiwa zimetumika, na lenzi iliyowahi kuanguka inaweza kuwa na kioo kimoja kilichohama kidogo kutoka katikati. Kwa nje huoni kitu. Kwenye picha, upande mmoja unakuwa mkali na mwingine umefifia. Lenzi za pembe pana ndizo zinazoonyesha ubaya huo zaidi, nayo zumu ina vipande vingi vinavyotembea, kwa hiyo huenda ikawa nzima kwenye 16 na mbovu kwenye 35.

Nilipopata praimu yangu ya 24 niliijaribu kama nilivyosoma: nikaiweka kamera kwenye stendi mbele ya ukuta wa sebule, nikafungua f/1.4, nikapiga. Kushoto pakafifia. Nikarudia kuanzia alasiri hadi isha, na kila mara kushoto. Nikaivusha lenzi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, nikaituma Mombasa kwa basi, na muuzaji kwa uungwana akaniletea nyingine. Ile nyingine nayo ikafifia kushoto, pale pale. Hapo ndipo nilipochukua uzi wa mwashi, nikauvuta kutoka kona hadi kona ya ukuta, na nikaona kwamba katikati ya upande wa kushoto ukuta umebonyea kwa upana wa vidole vitatu. Nyumba ilijengwa kwa matumbawe na chokaa kwa mkono, na haikuwa na sababu ya kunyooka kwa ajili ya lenzi yangu. Kwa f/1.4 na umbali mdogo kama ule, vidole vitatu vinaonekana. Hata ukuta ukiwa umenyooka, kamera iliyogeuka nyuzi tatu tu kutoka usawa wake inatoa kosa linalofanana.

Achana na kuta. Panda darini saa moja asubuhi, jua likiwa nyuma yako upande wa kisiwa cha Manda, na utazame upande wa ndani wa mji, mbali na bahari. Tafuta kitu kilicho mbali, kisichotikisika, chenye mistari myembamba. Mimi natumia mnara wa simu, kwa sababu ya vyuma vyake vilivyopishana. Mlingoti wa jahazi haufai kwa kuwa unayumba, na mnazi haufai hata kwa upepo mdogo. Usingoje hadi saa nne, kwa kuwa mabati yakishapata moto hewa iliyo juu yake hutetema, na utailaumu lenzi kwa kosa la joto.

Weka kamera kwenye stendi nzito, uzime kituliza-mtikiso, weka ISO 100, tundu lifunguke lote, na tumia kipima-muda cha sekunde mbili ili mkono wako usiguse kitu. Weka mnara katikati ya fremu, ukuze picha kwenye kioo cha nyuma mara kumi, ulenge kwa mkono mpaka vyuma viwe vikali, kisha usiguse tena pete ya fokasi. Sasa geuza kamera ili mnara uangukie kona ya juu kushoto, upige mara tatu. Fanya vivyo hivyo kwa kona nyingine tatu. Kwa sababu kitu ni kile kile na kiko mbali, umbali haubadiliki, na kasoro utakayoiona ni ya lenzi. Kwa zumu, rudia yote kwenye 16, 24 na 35, na ulenge upya kila unapobadilisha, kwa maana zumu nyingi huhamisha fokasi zinapovuta.

Linganisha kona nne kwenye kompyuta. Zote nne zikiwa laini kwa kiasi kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi na si ugonjwa. Moja ikiwa tofauti na wenzake katika picha zote tatu, kioo kimehama. Kabla ya kurudisha, jaribu tena kwa f/8: tofauti ikitoweka, na kazi yako ni vyumba unavyovipiga kwa f/8 kwenye stendi, unaweza kuomba bei ipunguzwe ukakaa nayo. Kwa praimu uliyoinunua kwa ajili ya f/1.4 usikubali, kwa sababu utakuwa umelipia kitu usichoweza kukitumia.

Hatua ya 6: Filta, chumvi na ukungu

Lenzi mbili nilizozitaja, zumu ya f/4 na praimu ya 24 f/1.4, zote za Canon, zinachukua filta za milimita 77, kwa hiyo filta moja inatumika kwa zote. Filta ya kukoleza anga (polaraiza) usiiweke kwenye 16: anga litatoka na doa la buluu nzito upande mmoja na weupe upande mwingine.

Mwenye praimu atabadilisha lenzi mara nyingi kuliko mwenye zumu, na upepo wa kusi ufukweni Shela hubeba mchanga hadi ndani ya kamera. Badilisha ukiwa ndani ya daka la nyumba, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, mdomo wa kamera ukitazama chini. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache lenzi ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje, la sivyo kioo kitatoka jasho. Kila mwezi iangalie kwa tochi, ukimulika kutoka nyuma na tundu likiwa wazi. Ukiona nyuzi nyeupe zilizotandaa kama utando wa buibui, ni ukungu. Itenge na lenzi nyingine siku hiyo hiyo na uipeleke kwa fundi kabla haujaula mpako wa kioo.