Mama mwenye aleji: mambo ya kuzingatia kabla mtoto hajafika

Anza na kadi ya kliniki. Aleji yako iandikwe humo kwa jina la kitu na kilichotokea: "penisilini, alivimba midomo", si "ana aleji" basi. Kanda ya Ziwa malaria ni nyingi, kwa hiyo kuanzia wiki ya 13 ya ujauzito utapewa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, umeze hapo hapo mbele ya muuguzi, na utarudia kliniki zinazofuata. SP ina salfa. Kama Septrin iliwahi kukubabua ngozi au kukutoa malengelenge mdomoni, sema kabla hujapokea kikombe cha maji. Foleni ikiwa ndefu hakuna atakayekuuliza mara mbili.

Mwenye pumu asiache pampu. Wengi huiweka kando wakiogopa dawa itamfikia mtoto, wakati kinachomfikia kweli ni mama kukosa hewa: mtoto huweza kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Moshi wa kubanika samaki ukae mbali na wewe, na jiko la mkaa likae nje.

Sasa mtoto anachukua nini kwako? Hachukui aleji ya dagaa kama ilivyo. Anachorithi ni mwelekeo wa mwili. Wewe unavimba ukila dagaa, yeye anaweza kutoka na pumu ya ngozi (ngozi kavu yenye mabaka yanayowasha), au mafua ya kila asubuhi, au asipate chochote. Baba naye akiwa na aleji, uwezekano unapanda, kwa hiyo muulize mapema na yeye alikuwaje utotoni. Mama hutoa na ulinzi vilevile. Kingamwili, yaani askari wa mwili, za aina ya IgG hupita kwenye kondo la nyuma, nyingi katika miezi mitatu ya mwisho, na ndiyo maana sindano yako ya pepopunda humkinga mtoto ambaye mwenyewe hajachanjwa. Maziwa ya kwanza, yale ya njano, yamejaa IgA, kingamwili ya aina nyingine inayolinda utumbo. Ole wake shangazi atakayekwambia uyakamue uyamwage.

Dawa ya minyoo na kichocho ina habari yake, na ni ya ziwa letu hili. Entebbe, ng'ambo upande wa Uganda, wajawazito zaidi ya 2,500 waliingizwa kwenye utafiti kati ya 2003 na 2005. Watoto ambao mama zao walipewa albendazole, dawa ya minyoo, walipata pumu ya ngozi zaidi ya wale ambao mama zao hawakupewa, na kwa akina mama wenye kichocho, praziquantel, dawa ya kichocho, ilionyesha hivyo hivyo. Inaonekana minyoo ya mama huituliza kinga ya mtoto tangu tumboni. Usije ukakataa dawa kwa sababu hiyo! Minyoo ya safura inanyonya damu unayoihitaji siku ya kujifungua, na kichocho kinaharibu ini. Meza ukipewa, baada ya miezi mitatu ya kwanza, kisha uwe macho na ngozi ya mtoto.

Usijinyime chakula. Kama mayai, karanga au sato havikudhuru wewe, kula. Kuviacha hakumkingi mtoto.

Kwenye ngozi ndipo watu wanapoharibu. Mambo huenda hivi: mama ana aleji ya karanga, anaapa karanga haitaingia kinywani mwa mwanawe hadi miaka miwili. Wiki ya sita mtoto anapata mabaka mekundu mashavuni na kwenye mikunjo ya viwiko. Bibi anamsugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia, kisha anampaka mafuta ya karanga kutoka sokoni ili ngozi ilainike. Huku jikoni dada anamenya karanga na kumbeba mtoto na mikono ile ile. Ngozi iliyopasuka inapitisha karanga kila siku, tumboni haifiki hata chembe, na kinga inajifunza kuipiga vita kabla ya kuizoea kama chakula. Siku ya kuionja, midomo inavimba. Kwa hiyo nunua mapema mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, sabuni kidogo au usitumie kabisa, kausha kwa kugusisha taulo, paka ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta hayo hayazuii pumu ya ngozi kuanza, yanatibu ukavu tu. Mabaka yakibaki, nenda kliniki, na krimu za kuchanganywa dukani ziache huko huko: nyingi zina dawa kali ambayo hata mtu mzima hupimiwa.

Vyakula vyenyewe, anza miezi sita ikitimia. Utafiti wa London wa 2015, watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya mayai, ulionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema walipata aleji yake mara chache sana kuliko walionyimwa. Karanga za kusaga, laini kabisa, vijiko vidogo viwili vikorogwe kwenye uji. Karanga nzima kamwe, inakaba. Zenye ukungu zitupe, zina sumukuvu. Yai liive hadi kiini kigumu. Kitu kipya kimoja kimoja: ncha ya kijiko, subiri dakika kumi, endelea polepole, mwangalie kwa saa mbili, na akikizoea kirudie kila wiki. Fanya asubuhi, zahanati ikiwa wazi, hasa ukiwa Ukerewe au kisiwa kingine ambako boti ya mwisho ikiondoka imeondoka. Mwenye pumu kali ya ngozi amwone daktari kwanza.

Akivimba uso, akitapika mfululizo, akikoroma kifuani au kulegea, ni hospitali saa hiyo hiyo. Dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani. Piriton, kidonge cha kawaida cha aleji, haitoshi, kwa hiyo usikae nyumbani kusubiri ifanye kazi. Ulizia sasa, kabla hujajifungua, kama zahanati yako inayo sindano hiyo ya adrenalini. Weka nauli ya bodaboda pembeni, namba ya dereva iwe kwenye simu ya baba pia, na kila anayembeba mtoto anawe mikono kwanza, hata mgeni aliyeleta zawadi.