Resonansi au ulandanishi? Namna ya kuzitofautisha kwa majaribio mawili

Vitu viwili vikiyumba kwa mwendo mmoja, wengi husema hapohapo kwamba ni resonansi, yaani kimoja kinasukumwa na kingine kwa mwendo unaolingana na wake wa asili. Mara nyingi sivyo. Vitenganishe kwanza, kisha utazame. Kimoja kikitulia kwa kukosa wa kukisukuma, ilikuwa resonansi. Kila kimoja kikiendelea chenyewe, ulichokiona ni ulandanishi, yaani vitu vyenye nguvu zao wenyewe vinavyorekebishana hadi kwenda pamoja.

Anza na resonansi. Funga kamba ya nailoni kati ya viti viwili vizito na uikaze sana. Ning'iniza kufuli kubwa kwa uzi wa sentimita 50, ukipima kutoka kwenye kamba hadi katikati ya kufuli, si hadi kwenye fundo. Kandokando ning'iniza koni za karatasi, kama zile za kufungia karanga, kila moja na klipu ndani, kwa nyuzi za sm 30, 40, 50, 60 na 70. Vuta kufuli ili libembee kwa kukatiza kamba, kisha uliachie. Kwenda na kurudi mara 10 kuchukue sekunde 14 hivi. Zikizidi sana, kamba imelegea.

Subiri kidogo. Koni zote zitafuata mwendo wa kufuli, lakini ile ya sm 50 ndiyo itakayokwenda mbali zaidi, ikiwa nyuma ya kufuli kwa robo ya mzunguko. Sasa shika kufuli: koni zote zinatulia, maana hazina nguvu zake zenyewe.

Usiweke nati nzito badala ya koni. Pendulamu (vitu vinavyoning'inia na kubembea) mbili nzito zenye urefu sawa hupokezana nguvu: moja inasimama kabisa huku nyingine ikibembea, kisha zinabadilishana. Hapo utavurugwa, kwa sababu hiyo si resonansi yenye mwendo usiobadilika wala si ulandanishi.

Kwa ulandanishi unahitaji metronomu (vifaa vya kupigia mapigo ya muziki) mbili za springi, zile za kujaza kwa ufunguo. Za betri au za simu hazifai, kwa kuwa hazina mkono wa kusukumwa. Zipange zote kwenye mapigo 208 kwa dakika, juu ya ubao mwepesi uliolazwa juu ya makopo mawili ya soda yaliyo matupu, yakiwa yamelala sambamba. Mikono iyumbe kuelekea upande ambao makopo yanabingirika. Zianzishe kwa nyakati tofauti. Baada ya dakika moja au mbili zitapiga pamoja. Ubao mzito ndio kosa la kawaida: hausogei, kwa hiyo metronomu hazisikiani. Zikilandana kwa kupishana, moja kulia nyingine kushoto, nao ni ulandanishi. Mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens aliuona hivyo kwenye saa zake mbili za pendulamu mwaka 1665.

Weka ubao mezani bila makopo: zote mbili zinaendelea kupiga. Urudishe juu ya makopo, kisha sogeza uzito ulio kwenye mkono wa metronomu moja kidogo kidogo. Mwanzoni zitabaki pamoja, na mikono itayumba kwa upana uleule karibu. Ukivuka kikomo, zinaachana.