Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupima Uhakika wa Majawabu Yako

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne wa Unguja au Pemba anayejitayarisha kwa mtihani wa taifa huanza, kwa kawaida, kwa kutafuta mitihani iliyopita, kuijibu na kuhesabu alichopata na alichokosa. Hesabu hiyo haitofautishi jawabu la kubahatisha na jawabu linalojulikana, wala kosa la mwenye kusitasita na kosa la aliyekuwa tayari kuapa. Ndipo inapofaa kuandika, pembeni ya kila jawabu, kiwango cha uhakika wako kabla ya kutazama usahihisho.

Amua kwanza kipimo, na viwango vitatu vinatosha. Tony Gardner-Medwin wa University College London aliweka utaratibu ambao jawabu sahihi hupata alama 1, 2 au 3 kulingana na uhakika uliotajwa, na lisilo sahihi hukatwa 0, 2 au 6. Kwa hesabu hiyo, kuandika 3 hakuna faida mpaka uwezekano wa kupata upite asilimia 80, na kuandika 2 mpaka upite thuluthi mbili, kwa hivyo mwenye kujitapa hukatwa sana na mwenye woga naye huziacha alama zilizokuwa zake.

Tayarisha pia majawabu ya kuaminika, kwani hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote. Mwaka 2001, Brady Butterfield na Janet Metcalfe wa Marekani walionesha kwamba kosa lililofanywa kwa uhakika mkubwa, likisahihishwa papo hapo, husahihika vizuri zaidi kuliko kosa la kubahatisha; inaelekea kwamba mshangao humfanya mtu aliangalie jawabu sahihi kwa makini. Mwanafunzi aliyeandika 3 akidai kwamba Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza baada ya vita vya Agosti 1896, kisha akaona kwamba jambo hilo lilifanyika 1890, ana nafasi nzuri ya kutolisahau tena. Lakini akisahihishiwa na karatasi yenye makosa, na karatasi za namna hiyo zinazozunguka kwenye simu si chache, ataushika upotofu kwa nguvu ile ile.

Usijipime mara tu unapofunga daftari. Somo lililosomwa dakika chache zilizopita huonekana jepesi kwa sababu bado limo kichwani, na utafiti wa Thomas Nelson na John Dunlosky wa 1991 ulionesha kwamba makadirio yanayotolewa baada ya muda kupita huwa sahihi zaidi.

Kwa wanaodurusu kwa makundi, hasa wa dakhalia, kila mmoja aandike jawabu na kiwango chake kabla ya yeyote kusema, kwani mwenye sauti kubwa huwavuta wengine hata anapokosea.

Mwalimu anayetaka kutumia njia hii skulini asiziingize alama za uhakika katika ripoti za wazazi, maana wanafunzi wataanza kuandika kinachowapendeza wakubwa. Katika mtihani wenyewe uhakika hauna alama, ila dakika za mwisho zikibaki, maswali uliyoyajibu kwa uhakika wa 1 ndiyo ya kurudiwa mwanzo.